Posa ya Mwandishi wa Habari

Basi la kutoka Dar liliingia stendi ya Masasi saa tano asubuhi, vumbi tupu, na gazeti la Kiingereza lililobaki kwa muuzaji lilikuwa moja tu. Mikono miwili ikalishika kwa pamoja.

"Samahani kaka, mimi nimetangulia," alisema binti aliyevaa gauni la maua ya bluu.

"Niachie, dada. Habari ya ukurasa wa tatu nimeandika mimi."

Huyo alikuwa Alfredi, mwandishi wa habari wa Newala, shati lake jeupe limenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Binti ni Veridiana, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari pale Masasi. Alifungua ukurasa wa tatu palepale, akahesabu kwa kidole kila neno 'said', yaani 'alisema'.

"'Said' mara kumi na moja! Mwanafunzi wangu angeniletea hii, ningempa sifuri."

Alfredi akacheka. Miaka ile soko huria lilikuwa limeingia nchini, magazeti yanachipuka kama uyoga, na kila mhariri ana sheria zake. Mhariri wake yeye alikuwa na moja tu: mwandishi hana mdomo.

"Mwenyekiti akisema, 'said'," alieleza. "Wasiotaka kutajwa, 'sources said', vyanzo vimesema. Usipokuwa na hakika, 'is said to', inasemekana. Mahakamani, mtu akishatajwa mara moja, anakuwa 'the said' fulani, huyo aliyekwishatajwa. Neno moja, kazi nne."

"Na wewe mwenyewe unasema lini?"

"Sisemi."

Veridiana alimtazama, akayapenda macho yake. Gazeti wakalisoma pamoja, kwa chai na mihogo ya kukaanga.

Baada ya hapo ikawa simu. Kila Ijumaa Alfredi alipiga kutoka posta ya Newala, na Veridiana alingoja ofisini kwa mkuu wa shule.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Wiki hii 'said' zako tisa tu. Unapungua, laazizi."

"Napungua kwa kukuwaza."

"Mwongo wewe! Nani kasema?"

"Watu wa kuaminika."

Wakacheka mpaka mkuu wa shule akakohoa.

Mwezi wa tisa Alfredi akaandika barua ya posa. Mshenga wake, mzee Nathanaeli, akaipeleka Lukuledi kwa Mzee Petro, baba yake Veridiana, mkulima wa korosho asiyependa maneno mengi. Bahasha ikafunguliwa mbele ya ndugu, barua ikasomwa kwa sauti:

"Kijana wa Newala, Alfredi, miaka ishirini na minane, anataka kumuoa Veridiana wa Lukuledi. Majirani wamesema ni mchapakazi. Inasemekana anampenda sana."

Mazoea yana taabu. Mzee Petro akavua miwani.

"Inasemekana? Mshenga ni mdomo wake, sawa. Barua ndiyo moyo wake. Sasa moyo uko wapi? Mrudishie."

Nathanaeli aliona haya kueleza yote. Alisema tu posa imekataliwa. Alfredi akaamini wamemkataa kwa baiskeli yake na chumba chake cha kupanga, akaacha kupiga simu. Ijumaa tatu Veridiana aliketi kando ya simu, moyo unamuuma. Ya nne akapiga yeye posta ya Newala, wakamwitia Alfredi.

"Umenifanya tetesi mbele ya wajomba zangu," alisema huku analia. "Halafu unanyamaza?"

"Si mmenikataa kwa umaskini?"

"Umaskini gani? Baba alitaka kujua kama unanipenda. Hata mimi nataka kujua."

Simu ikakatika.

Jumapili, watu wakitoka misa, Alfredi alishuka kwenye lori pale Lukuledi. Kwenda mwenyewe kwa wakwe kabla posa haijapokewa ni aibu, na alilijua hilo. Alimkuta Mzee Petro uani akigeuza korosho juani, Veridiana yuko kando, khanga kiunoni, anafagia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mshenga yuko wapi?"

"Sikuja naye. Baba, mimi nampenda Veridiana. Hakuna aliyeniambia, najua mwenyewe. Nikimkosa nitaishi, lakini vibaya."

Veridiana aliacha kufagia. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Mzee Petro aliendelea kugeuza korosho zake bila haraka.

"Nawe, mwanangu?"

"Nampenda, Baba."

"Haya." Akamgeukia Alfredi. "Mimi leo sijakuona hapa, na wala hujasema kitu. Kamwambie mshenga wako aje Jumamosi na barua nyingine. Veridiana, msindikize huyu mgeni ambaye hakuja."