Mfupa Mpya wa Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Asubuhi alikata vitambaa, jioni alipiga pasi, na mdomo wake haukupumzika. Siku moja pikipiki ikamgonga. Mfupa wa muundi ukavunjika, kipande kikasagika. Miezi ikapita, pengo halikuziba.

"Daktari anataka kuweka mfupa wa kutengenezwa," mumewe alimweleza jirani aliyekuja kumjulia mgonjwa hali, huku akivuta sigara. "Mguu wa mke wangu si ukuta wa kuzibwa viraka!"

Jirani akacheka. Yeye ni mhandisi, na kazi yake hospitalini ni kubuni vifaa hivyo hivyo.

"Shemeji, hebu tazama." Akatoa kipande cheupe, chepesi, chenye vitundu tele. Akakidondoshea maji. Maji yakazama yote.

"Kumbe kinakunywa!" Mama Pindo akapiga makofi.

"Na damu yako itaingia hivyo hivyo. Kimetengenezwa kwa madini yanayofanana na ya mfupa. Mfupa wako utajishika humu, utaota, utajaza vitundu. Chenyewe kitayeyuka polepole, ubaki na mfupa wako."

"Kwa nini msiweke chuma tu?" mume akauliza.

"Chuma kitaushikilia mguu, lakini hakigeuki mfupa."

"Na vitundu vikiwa vidogo?" Mama Pindo akadakia.

"Damu haipiti. Vikiwa vikubwa mno, kinavunjika. Hapo ndipo tunapoumiza vichwa! Chako tutakifuatisha picha ya mguu wako, kama unavyomkatia mteja nguo kwa kipimo chake."

"Basi nishonee, mwenzangu!"

"Ila usikanyage mpaka daktari aseme. Na wewe shemeji, mwache mgonjwa apumue. Moshi huchelewesha mfupa kuunga."

Mume akaizima sigara palepale.

Upasuaji ulikwenda salama. Kazi ilikuwa kutulia.

"Subira, mke wangu," mumewe alimwambia kila alipotaka kusimama.

"Yangu imeisha, nikopeshe yako!"

Baadaye daktari alimruhusu kukanyaga kidogo kidogo kwa magongo. Hatimaye ikapigwa picha nyingine. Palipokuwa na pengo, pameshikana!

"Mfupa umeota," daktari akasema. "Weka magongo kando."

Jirani, aliyekuja mbio kutoka karakana yake hapo hospitalini, akaruka kwa furaha. Mama Pindo akakanyaga. Hakusikia maumivu. Akaenda hatua moja, nyingine, mpaka mlangoni.

"Ngoja nikushike!" mumewe akaita.

"Nishike kama utanifikia!" akajibu, naye ameshatoka nje.