Nati ya Mapengo Manne

Watu walimwita Spoku kwa sababu ya wembamba wake. Mwenyewe hakuchukia. "Spoku ni nyembamba," aliwajibu waliomtania, "lakini zing'oe zote uone kama gurudumu litasimama."

Alikuwa dereva wa pikipiki. Kila asubuhi aliiwasha uani, mbele ya vyumba vya wapangaji, akaiacha ingurume huku yeye akinywa chai wima.

"Kaa unywe kama mtu," mkewe alikuwa akimwambia. "Kwani unafukuzwa?"

"Nafukuzwa na abiria, mama."

Kisha alimpandisha binti yao mdogo kwenye tangi, akamzungusha uani polepole, akamshusha mlangoni, akaenda kazini. Mkewe alibaki akifua nguo za watu. Hawakuwa na kikubwa, lakini jioni jiko liliwaka na mlango ulifungwa watu wakiwa wameshiba.

Siku moja klachi ikaanza kuteleza. Injini ilipiga kelele, pikipiki haikwenda. Kwenye mlima abiria walishuka wakapanda kwa miguu, wengine wakicheka, wengine wakitukana. Gereji yenye vifaa kamili ilikuwa mbali, na foleni yake ilikuwa ndefu.

"Nitaifungua mwenyewe," Spoku alisema. "Klachi ni kitu gani hata kinishinde?"

Mchana wa siku ya mapumziko alitandika gunia uani. Alimwaga oili kwenye beseni bovu. Akafungua kifuniko cha injini, akatoa springi. Mambo yakaenda vizuri mpaka alipofika katikati. Hapo alikuta nati asiyoijua. Ilikuwa ya duara. Haikuwa na pembe za kushikwa na spana. Ukingoni ilikuwa na mapengo manne tu, kama kinywa cha bibi kizee.

Mkewe alikuwa amesimama karibu, ameshikilia usukani ili pikipiki isianguke.

"Hii ina kifaa chake," alisema. "Si bora usubiri ukaulize?"

"Niulize nini? Wenzangu wote wanafungua kwa tindo na nyundo."

Akaweka ncha ya tindo kwenye pengo moja. Akapiga. Nati haikusogea. Akapiga tena. Ikatulia vilevile. Sasa akapandwa na hasira, akainua nyundo juu, akaishusha kwa nguvu zake zote.

Kitu kidogo kikamruka jichoni. Hakikuuma sana. Alidhani ni mdudu. Alilisugua jicho kwa mkono wenye oili, akaliosha kwa maji, akalisugua tena.

"Twende hospitali," mkewe akasema.

"Kwa mdudu? Watanicheka."

Akalala. Kulipokucha jicho lilikuwa jekundu kama kaa la moto, limevimba, na halikuona kitu.

Hospitalini daktari alilipima kwa muda mrefu. Hakumzungusha. "Kibanzi cha chuma kimepenya ndani," alisema. "Ungekuja palepale, bila kulisugua, ukiwa umelifunika tu bila kulibana, huenda tungeliokoa. Sasa limeoza. Tukiliacha, litakuponza zaidi."

Jicho likatolewa.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Janga lile lililiwa na chumba kizima. Spoku alirudi nyumbani na bandeji, akajilaza akiuelekea ukuta. Mwanzoni madereva wenzake walikuja kumpa pole. Baadaye wakapungua. Mwishowe hakuja mtu. Mkewe aliongeza nguo za kufua mpaka vidole vikachubuka. Jiko lilianza kuwaka siku moja, siku ya pili likalala.

Kilichomuumiza Spoku zaidi kilikuwa kidogo. Asubuhi moja alijimiminia chai. Aliona kikombe vizuri, akaona na birika. Lakini chai ilimwagikia mezani, kando ya kikombe. Alijaribu tena, ikamwagika tena. Binti yake alikuwa amekaa palepale, anamtazama. Mtoto yule hakuwahi kuogopa kitu, lakini siku hizo hakumkaribia baba yake.

Spoku aliweka birika chini. Akarudi kitandani.

"Mama," alimwita mkewe, "lile lipikipiki liondoe. Liuze kama chuma chakavu. Sitaki kuliona tena. Jicho moja nililo nalo linatosha kuona mengine."

Mkewe hakubishana. Alikuwa amechoka kubishana na mgongo wa mtu. Akaenda mtaa wa nyuma kumwita Cheche.

Cheche alikuwa mama wa makamo, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Alipata jina lake kwa moto uliorukaruka kibandani kwake mchana kutwa. Chuma chakavu nacho alinunua. Alikuja na mkokoteni, akaondoa plastiki iliyofunika pikipiki, akachuchumaa. Akachungulia ndani ya injini. Akakaa hapo muda mrefu kuliko inavyomchukua mtu kununua chuma chakavu.

"Mdogo wangu!" aliita kuelekea mlangoni. "Hebu toka."

"Chukua tu, dada," Spoku alijibu kutoka ndani. "Bei yoyote."

"Sikuulizi bei. Nauliza hivi: kabla ya kupiga hii nati, ulikunjua ulimi?"

Kitanda kikalia ndani.

"Ulimi gani?"

"Njoo uuguse."

Spoku alitoka taratibu, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Cheche alikishika kidole cha Spoku, akakipeleka penyewe. Chini ya nati kulikuwa na washa, kipete chembamba cha chuma. Washa ile ilikuwa na ulimi, na ulimi ulikuwa umekunjwa kuingia ndani ya pengo mojawapo la nati. Kazi yake ilikuwa kuizuia nati isijifungue barabarani.

"Maadamu ulimi huu umekunjwa," Cheche alisema, "nati haizunguki. Imefungwa kwa kufuli, na wewe ulikuwa unapiga mlango."

"Kwa hiyo ningeipiga…"

"Ungeipiga mpaka kiama."

Spoku aliendelea kuupapasa ulimi ule. Ulikuwa mdogo kuliko ukucha. Akakaa chini kwenye oili iliyokauka, akalia. Mkewe hakuwahi kumwona akilia, hata hospitalini. Alimshika bega, naye akalia.

Cheche aliwaacha walie. Walipotulia alisema, "Jicho siwezi kukurudishia. Ningekuwa nalo ningekupa. Ninachoweza ni kukuonyesha nati hii inavyofunguliwa."

"Ili iweje?" Spoku akauliza.

"Ili ifunguke."

"Mimi nimekwisha, dada. Acha."

Akainuka, akarudi ndani, akauelekea ukuta.

Mkewe alimtazama akiondoka. Kisha akajifuta uso kwa kanga. "Basi nionyeshe mimi," alisema.

Cheche akacheka. "Haya. Tunatengeneza kifaa chenye meno manne, yaingie kwenye mapengo manne. Lakini kwanza tupate kipimo. Paka nati grisi kidogo. Chukua karatasi, ibandike juu yake, bonyeza kwa kidole gumba. Itaacha alama yake yote."

Mke wa Spoku akafanya hivyo. Alama ikatoka imepinda. Akarudia, ikapinda tena.

"Unaisogeza karatasi," sauti ilisema kutoka mlangoni. "Shikilia pembeni kwa mkono mwingine."

Hakuna aliyegeuka. Wanawake wale wawili walijua kwamba wakigeuka atarudi ndani. Mkewe akashikilia pembeni, akabonyeza. Alama ikatoka safi: duara, na mapengo manne.

Kesho yake walikwenda kibandani kwa Cheche wote wawili. Spoku alivaa kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, watu wasimwone.

Kabla ya kitu chochote Cheche alimpa miwani ya kinga. "Humu hakuna anayeshika tupa, msumeno wala nyundo bila hii. Hata anayesimama kutazama anavaa." Akampa na mkewe ya kwake.

Spoku aliishika miwani ile, akaigeuzageuza. "Imechelewa," alisema.

"Kwa jicho lile, ndiyo. Hilo jingine je?"

Akaivaa.

Cheche alichagua kipande cha bomba nene la chuma, upana sawa na nati. Wakaibandika ile karatasi kwenye mdomo wa bomba, wakaweka alama za meno kwa ncha ya msumari. Bomba likabanwa kwenye jiliwa. Kazi ilikuwa kukata kwa msumeno wa chuma sehemu zilizo katikati ya alama, ili yabaki meno manne yaliyosimama.

Spoku alikata. Msumeno ulitua kando ya mstari, kama chai ilivyotua kando ya kikombe. Akajaribu upande wa pili, jino zima likakatika. Akautupa msumeno chini.

"Mnaona? Si niliwaambia? Hata mstari unanishinda!"

Akatoka nje, akasimama kwenye jua. Alitamani angekufa palepale hospitalini. Mkewe alimfuata. Maneno ya kumbembeleza yalikuwa yamemwishia siku nyingi.

Cheche ndiye aliyezungumza, akiwa mlangoni, sauti ya kawaida kabisa. "Jicho moja linaona, ila halipimi umbali. Kila mwenye jicho moja yuko hivyo, si ubovu wako. Sasa mkono ndio utapima. Weka ukucha wa kidole gumba kwenye mstari. Egemeza msumeno kwenye ukucha. Vuta taratibu mara moja mbili upate mfereji, kisha ondoa kidole. Chai nayo usimimine hewani. Gusisha mdomo wa birika kwenye kikombe kwanza."

"Nani amekwambia habari za chai?"

Mkewe alitazama chini.

Spoku akarudi ndani, akaokota msumeno. Cheche akafunga kipande kingine cha bomba.

Safari hii kazi ilikwenda pole kama konokono. Alipapasa, akaegemeza, akavuta. Alipomaliza kukata alisawazisha meno kwa tupa, akiyapima kila mara kwenye alama ya karatasi. Jasho lilimdondoka ndani ya miwani. Hakuivua. Cheche akachomelea nati kubwa upande wa pili wa bomba, spana ipate pa kushika. "Msitazame mwanga huu, unachoma macho," akawaonya, nao wakageuka.

Jioni walikuwa uani. Spoku aliukunjua ulimi wa washa kwa bisibisi, taratibu, mpaka ukalala. Akaingiza kifaa. Meno manne yakaingia kwenye mapengo manne.

"Tia gia," Cheche akamwambia, "ili mhimili usizunguke. Wewe mama, kanyaga breki ya nyuma, ukaze."

Spoku akavuta spana. Hakuna nyundo, hakuna kelele. Nati ililia mlio mmoja mfupi, ikaachia.

Hakuna aliyeshangilia. Spoku aliiweka nati kwenye kiganja, akaitazama. "Hivi tu," alisema. "Hivi tu, mama."

"Hivi tu," mkewe akajibu.

Ndani walikuta plet za klachi, zile sahani nyembamba, zimelika kabisa. Waliweka nyingine, wakafunga nati kwa kifaa kilekile, wakatia washa mpya, wakakunja ulimi wake ndani ya pengo. Pikipiki ikavuta kama zamani. Lakini daktari alikuwa amemkataza Spoku kupakia abiria. Asubuhi shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndiye aliyekuja kuichukua akabebe abiria. Spoku aliisikia ikitoka uani, ikipanda mlima bila kuteleza, ikipotea. Siku hiyo hakula.

Siku zilizofuata aliamka, kwa kuwa kulala nako kulikuwa kumemchosha. Alitengeneza kifaa cha pili kwa nati ya pikipiki ya aina nyingine. Akatengeneza stendi ya mbao nene, kwa sababu alijua madereva wanavyoegemeza pikipiki kwenye mawe na kulaliwa nazo. Shemeji aliwaambia wenzake, nao wakaanza kuja mmojammoja. Jiko likaanza kuwaka kila siku. Binti alirudi kukaa karibu yake, upande wa jicho zima, akiwa amevaa miwani ya kinga iliyomfunika nusu ya uso.

Usiku jicho lililoondoka bado lilimuuma, kana kwamba lipo. Alikuwa hapendi kulizungumzia.

Mchana mmoja dereva mmoja, jitu la miraba minne, aliisukuma pikipiki yake mpaka uani. Alikuwa ameshaifungua nusu. Mkononi alikuwa na tindo, na nyundo ameichomeka mfukoni.

"Fundi, nishikie usukani tu," alisema. "Kuna nati moja ina kiburi. Nataka niipige kidogo."

"Weka chini hiyo tindo," Spoku akasema.

"Ah, fundi! Wote tunafungua hivihivi. Dakika moja tu."

Spoku hakubishana naye. Alivua miwani ya kinga, akavua na kofia. Akamgeuzia uso, karibu kabisa, akaacha atazame kope zilizozama mahali pasipo na kitu.

Tindo ya dereva yule ikateremka polepole mpaka ikagusa ardhi.

"Vaa hii," Spoku akamwambia, akimpa miwani. "Sasa lete grisi na kipande cha karatasi. Nikuonyeshe, na kifaa chako utakitengeneza mwenyewe."