Begi la Awatif

Jirani zangu, asubuhi ile ya Ijumaa mtaa wetu wa Anfushi ulikuwa umetulia. Awatif alikuwa roshani akianika nguo na kuimba, na harufu ya maharage yake ilinishukia mimi wa ghorofa ya chini mpaka tumbo likanguruma. Ndipo mumewe Shehata, dereva wa tramu, akapaza sauti ndani.

"Mama Husam! Soksi ziko wapi?"

Wimbo ukakatika. Hilo ndilo lilikuwa jina lake miaka yote. Mkahawani, mbele ya wanaume wenzake, Shehata hata hilo hakulitamka; mkewe alikuwa "watu wa nyumbani". Kwetu wanaume huona aibu kutaja majina ya wake zao, nao huiita heshima. Sawa. Lakini pole, ahsante, umekula? Hayo pia hayakumtoka, na watoto wakajifunza kwake.

Siku moja Awatif akateleza sokoni akaumia goti. Muuza samaki akamsindikiza nyumbani, akaita kutoka chini, "Wewe ndiye mume wa Awatif?"

Shehata akachungulia. "Awatif yupi?"

Mtaa mzima tulicheka. Awatif hakucheka.

"Mwenzangu, nimechoka kuwa kabati la soksi zao," aliniambia. Akajiunga na kikundi cha maigizo cha wanawake, akaandaa onyesho la maisha yake, acheze peke yake. Siku yenyewe nilimsaidia kufunga begi: nguo, dawa ya goti, tiketi ya treni ya kwenda kwa dada yake, mjini Tanta.

"Shehata asipokuja, au akija akanyamaza, naondoka," alisema. "Na sitanii."

Shehata alikuja, tena na wenzake wa mkahawani. Awatif akawaigiza wote wa nyumbani kwake. Akaingia akiwa mwanaume mwenye kikohozi: "Chai! Mbona imepoa? Soksi!" Ukumbi ukavunjika mbavu, na aliyecheka kuliko wote ni Shehata.

"Mwanaume gani huyu? Hana hata haya!" akamwambia jirani yake.

Kisha mwanaume yule wa maigizo akachungulia kutoka roshani: "Awatif yupi?" Shehata akaacha kucheka: alikuwa amejitambua.

"Mimi ni mke wa dereva wa tramu," Awatif akaendelea kwa sauti yake mwenyewe, "na katika mji huu sijawahi kupelekwa mpaka kituo cha mwisho." Akabeba begi. "Anayenijua aniite. Asiponiita, naenda."

Wanawake wakapiga kelele, "Awatif! Awatif!" Akatikisa kichwa, akaelekea mlangoni akichechemea. Watu walidhani begi lina matambara. Mimi nilijua lina nini.

Shehata akasimama. "Mama Husam..."

Hakugeuka. Shehata akawatazama wanaume wa mkahawani, jasho likimtoka.

"Awatif! Awatif, usiende. Goti bado linauma?"

"Linauma. Na umechelewa sana kuuliza." Lakini alilitua begi. Nililia, sioni haya kusema.

Ijumaa iliyofuata niliwaona wakienda kupanda tramu, Shehata amevaa nguo za sikukuu.

"Mnakwenda wapi nyie?" niliuliza kutoka dirishani.

"Muulize Awatif!" akajibu, na mkahawa mzima ukasikia.

"Kituo cha mwisho!" akacheka Awatif.

Begi liko chini ya kitanda, halijafunguliwa lote. Awatif si mjinga.

FUNZO

Wanaume, na nyinyi watoto mnaokula bila kuuliza nani kapika: mtu hachoshwi na kazi peke yake, huchoshwa na kutoonekana. Muiteni mama wa nyumba kwa jina lake, muulizeni goti lake, mpelekeni anakotaka kwenda. Shehata alibahatika, begi lilibebwa mbele ya macho yake. Wake wengine hufunga na kuondoka kimyakimya, na mwenye nyumba hugundua siku anapotafuta soksi.