Mume wa Kwenye Runinga

"Usinipe pole. Nipe mkono."

Bwana Sifa alivua hedifoni kama mtu aliyeng'atwa sikio. Kikombe kilipinduka, chai ikasambaa juu ya makaratasi, wala hakujali. Alirudisha video nyuma akasikiliza tena. Kwenye skrini, mwigizaji wa kike alikuwa amelala kitandani hospitalini, uso ameuelekeza ukutani, na maneno yakamtoka vilevile.

"Usinipe pole. Nipe mkono."

"Vipi, jirani?" aliuliza mwandishi wa michezo kutoka meza ya pili. "Hicho si kichekesho? Mbona umepauka hivyo?"

"Ni kichekesho," alijibu. "Mpaka sasa hivi kilikuwa kichekesho."

Pale gazetini walimwita Bwana Sifa kwa sababu miaka minane aliandika ukurasa wa tamthilia na vichekesho vya runinga, na hakuwahi kuiponda kazi ya mtu. Alikuwa akisema kuponda hakuhitaji shule. Akikipenda kitu, watu walikitazama. Na msimu ule hakuna alichokipenda kama Yupo Hayupo, kichekesho cha mume anayejua habari za dunia nzima isipokuwa za nyumbani kwake. Wiki kumi na moja mfululizo alikimwagia sifa. "Mwandishi huyu ana sikio," aliandika. "Anasikia hata yale ambayo watu hawayasemi." Ndiyo maana kituo kilikuwa kinamtumia kila sehemu kabla haijarushwa.

Lakini maneno yale ya kitandani hayakuwa ya kutungwa. Mkewe alimwambia miaka miwili nyuma, kwenye chumba chenye pazia la kijani, siku alipopoteza mimba ya miezi mitano. Nesi alikuwa ametoka. Chumbani walikuwa wawili tu.

Kwa hiyo mkewe alimwambia mtu. Na mtu huyo anaandika tamthilia.

Alipiga simu kwa mtayarishaji wa kichekesho kile.

"Bwana Sifa! Umeiona ile ya mwisho, ya kumi na mbili? Kaka, studio nzima ililia!"

"Nani kaiandika?"

"Si yuleyule, Msikilizaji."

"Jina lake la kweli."

"Hata sisi hatulijui. Mkataba alileta wakili. Skripti zilikuwa zinakuja kwa barua pepe, kila Jumatatu, saa saba mchana kamili."

"Mwanaume au mwanamke?"

"Sisi hapa tunasema mwanaume. Mwanamke gani atawajua wanaume namna ile?"

Saa saba mchana. Saa ya mapumziko ya mkewe. Saa ambayo, mara chache alizompigia, simu iliita bila kupokelewa. Bwana Sifa alikata simu. Akaandika ujumbe:

"Uko wapi?"

Jibu lilikuja haraka: "Kazini. Leo umekumbuka nini hata ukauliza?"

Alichukua koti akatoka.

Mkewe alikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani. Bwana Sifa alimkuta nyuma ya kaunta akimwandikisha mzee aliyeshika shavu.

"Msikilizaji ni nani?"

Kalamu ya mkewe ilisimama. "Mzee wangu, kaa pale, utaitwa," alisema taratibu, kisha akamgeukia mumewe. "Karibu. Miaka sita niko hapa na hujawahi kupanda ngazi zile. Umepajuaje?"

"Usinizungushe. Huyo mwanaume ni nani?"

Watu sita wenye meno mabovu walinyamaza kwa pamoja. Mama mmoja aliyekuwa akiugulia kwa sauti akaacha kuugulia.

"Mwanaume gani?"

"Uliyempa siri zetu akazipeleka kwenye televisheni! Maneno ya hospitali, yale yale, neno kwa neno! Kila Jumatatu saa saba mnakutana wapi?"

"Mwanangu," mzee wa shavu akaingilia, "hayo mambo yana chumba chake."

"Na chumba kipo, baba," mkewe akajibu. "Wewe, njoo huku."

Alimpeleka kwenye stoo ya mafaili, chumba chembamba chenye rafu mpaka darini na kiti kimoja cha plastiki. Akafunga mlango, akakigonga kiti kwa vidole.

"Mwanaume unayemtafuta anakaa hapa. Saa saba mchana. Anakula mkate kwa mkono mmoja, anaandika kwa mwingine."

"Sikuelewi."

"Ndiyo ndoa yetu hiyo, kwa neno moja."

Akavuta droo. Ndani mlikuwa na madaftari manne yaliyojaa mwandiko wake, na juu yake vipande vya gazeti vilivyokatwa kwa mkasi, vimebanwa pamoja. Bwana Sifa aliutambua ukurasa wake kabla hajasoma herufi. Vilikuwa kumi na moja.

"Wewe?"

"Mimi."

"Msikilizaji ni wewe?"

"Watu wanasubiri pale nje kwa saa mbili, tatu. Mtu mwenye jino bovu hana nguvu ya kudanganya, anasema yote. Nikawasikiliza. Nikirudi nyumbani nakusikiliza wewe. Wa kunisikiliza mimi sikumpata, nikaandika."

Akakaa kwenye kile kiti. "Na yule mume..."

"Ambaye mkewe alibadilisha kazi, yeye akajua baada ya miezi minne? Ni wewe. Anayeitikia 'mm' hata akiambiwa pazia linaungua? Wewe." Alichomoa kipande kimoja akasoma: "'Mume huyu ni kituko. Sote tunamjua mwanaume wa namna hii.' Niliposoma hapo nilicheka mpaka daktari akatoka kuuliza kuna nini. Halafu nikaingia humu nikalia."

"Umenianika mbele ya nchi nzima!"

"Ningekuanika, watu wangekujua. Nani amekujua? Hata wewe hukujijua."

Bwana Sifa alivipekua vipande vilivyobaki, kimoja kimoja. Mwishowe akasema, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara kumi na moja. Kila Alhamisi nilikaa kwenye kochi pembeni yako nikasubiri ugeuke uniangalie. Ulikuwa umeinama unaandika jinsi mwandishi alivyo hodari."

Nje mtu aligonga. Mgonjwa anayefuata.

"Ile ya kumi na mbili umeimaliza?" mkewe aliuliza, mkono ukiwa kwenye kitasa.

"Niliishia hospitalini."

"Kaimalize."

Aliimaliza ofisini, amesimama, kama mtu anayesomewa hukumu. Mume wa kwenye runinga alisema, "Subiri kidogo," akatoka wodini simu ikiwa sikioni. Mke akabaki amenyoosha mkono juu ya shuka mpaka usingizi ukamchukua. Kisha ikawa miaka miwili baadaye, sebuleni. Mke anakunja nguo anaziweka kwenye sanduku.

"Naondoka," anasema.

"Mm," mume anajibu, macho kwenye kioo cha runinga. "Ukirudi uje na betri za rimoti."

Mlango ukafungwa. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Juma lililopita Bwana Sifa angecheka mpaka machozi. Sasa machozi yalikuja yenyewe, kicheko hakikuonekana. Alipiga simu ya mkewe, haikupokelewa. Alikimbia nyumbani. Upande mmoja wa kabati ulikuwa mtupu, hanga zinaning'inia kama mbavu. Ujumbe ukaingia hapo hapo:

"Niko kwa dada. Sikuondoka kwa hasira, sehemu ile niliiandika miezi mitatu iliyopita. Nilikuwa nasubiri uniwahi. Usinipige simu leo."

Kesho yake saa nne asubuhi mhariri wake, mama mmoja mkavu asiyecheka hata kwenye sherehe, alisimama mezani kwake.

"Makala ya sehemu ya mwisho iko wapi? Ukurasa unafungwa saa sita."

"Bosi, sina haki ya kuiandika."

"Kwa nini?"

Akamweleza. Mhariri akavuta kiti, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikifanya, akakaa.

"Mungu wangu. Wiki kumi na moja tumemsifu mkeo?"

"Bila kujua, bosi."

"Nani ataamini kwamba hukujua?"

"Yeyote aliyeitazama tamthilia."

Mhariri akasimama. "Basi andika hivyohivyo. Lakini ukurasa huo hautakuwa wako tena. Unanielewa?"

"Naelewa."

Kabla ya kuandika alimtumia mkewe ujumbe: "Naomba ruhusa niseme ukweli gazetini. Jina lako silitaji." Alisubiri robo saa. Jibu likaja: "Sema yako. Yangu niachie."

Jumamosi watu walisoma hivi: "Kwa wiki kumi na moja nimemsifu mwandishi wa Yupo Hayupo bila kujua kuwa ni mke wangu, na bila kujua kuwa mume mnayemcheka ni mimi. Niliwaambia sote tunamjua mwanaume wa namna hii. Niliwadanganya. Mimi sikumjua, na tunakaa ndani ya ngozi moja. Sifa zote nilizoandika nazirudia leo. Aibu iliyobaki ni yangu, naichukua naenda nayo."

Saa tatu asubuhi hiyo alikuwa mlangoni kwa dada wa mkewe. Dada mtu alifungua, gazeti mkononi, uso umekazwa.

"Shemeji, kuomba radhi gazetini ni kazi nyepesi. Karatasi haijibu."

"Ndiyo maana nimekuja, shemeji."

"Dakika kumi. Na mimi niko jikoni, nasikia kila kitu."

Mkewe alikuwa amekaa karibu na dirisha, kanga mabegani. Hakusimama.

"Sikuja kubishana," Bwana Sifa alianza. "Uliyoyaandika yote ni kweli. Isipokuwa moja."

Macho ya mkewe yakawa makali. "Aa! Kumbe umekuja kuhakiki."

"Ile simu ya hospitali."

"Nilikuona kwa macho yangu! Nakuomba mkono, unaniambia subiri, unatoka na simu sikioni. Dakika arobaini!"

"Haikuita."

"Nini?"

"Simu haikuita. Hakuna aliyenipigia. Niliiweka sikioni ili nipite mbele ya manesi mtu asinisemeshe. Nilishuka mpaka chini kabisa, kule nyuma wanakorundika mitungi ya gesi, nikalia. Nililia mpaka fundi mmoja akanipa kitambaa chake cha kufutia mikono."

Mkewe alikuwa amenyanyuka bila kujua. "Ulirudi unanuka grisi," alisema polepole. "Nikakuuliza, harufu gani hiyo?"

"Nikakujibu, hakuna kitu."

Mkono wa mkewe ulipanda mdomoni. Alitikisa kichwa kama mtu anayekataa kuamini habari ya msiba.

"Miaka miwili umenificha hilo? Miaka miwili?"

"Niliona wewe ndiye uliyeumia. Mimi ningekuwa na haki gani ya kulia mbele yako?"

"Mjinga wewe!" Alimpiga kifuani kwa kiganja, mara moja, mara mbili. "Mimi nilikuwa natafuta mtu mmoja tu wa kulia naye! Mmoja! Nikadhani nimeolewa na jiwe!"

Jikoni sufuria ikaanguka.

"Sijasikia kitu!" dada mtu alipaza sauti, na sauti yenyewe imejaa makamasi.

Walilia pale pale wamesimama, kilio kilichocheleweshwa miaka miwili, kila mmoja ameshika mkono wa mwenzake kama anayeogopa kuteleza. Kilipopungua, mkewe alijifuta kwa pindo la kanga.

"Nimekugeuza kichekesho mbele ya watu, na hapo hospitalini nimekuonea."

"Mengine yote ulipatia."

"Mengine yote nilipatia," mkewe alikubali, wala hakulainisha. "Kwa hiyo leo sirudi. Nisije nikarudi kwa huruma, kesho tukaanza upya na 'mm' zako."

"Nitasubiri."

"Usisubiri. Njoo. Kusubiri umezoea, unakaa tu."

Basi akawa anakuja. Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi walizunguka mitaa ya jirani kwa miguu, yeye akiuliza, mkewe akijibu. Siku nyingine mkewe hakujibu na yeye akatembea naye hivyohivyo. Gazetini walimhamishia habari za mahakama. Wenzake walimtania wiki ya kwanza: "Umeshanunua betri?" Akacheka nao. Sehemu ya mwisho ilirushwa bila kubadilishwa neno, na simu za kituo zilikwama kwa watazamaji waliopigwa na butwaa, wengi wao wanawake, wakiuliza yule mke alikwenda wapi na kama kuna nafasi ya mtu mwingine huko.

Wiki ya tano mkewe alirudi. Hakutangaza. Bwana Sifa alitoka mahakamani akakuta viatu vya mkewe mlangoni, akashika ukuta kwanza kabla ya kuingia.

Kituo kilikuwa kimeomba msimu wa pili. Siku moja, chai ikiwa mezani, mkewe alimsogezea karatasi kadhaa zilizopigwa chapa.

"Nisomee. Na leo sitaki kusifiwa."

Alisoma kimya, kidole kikifuata mistari. Mkewe alijifanya anamenya chungwa, lakini kisu hakikusogea.

"Mbele huku ni pazuri," Bwana Sifa alisema.

"Nimesema sitaki sifa."

"Ukurasa wa tisa." Miaka minane hakuwahi kutamka neno kama lile. "Ukurasa wa tisa ni wa uongo. Mume anaomba msamaha asubuhi, mke anarudi jioni. Mke mwenye akili zake angemtembeza kwanza."

"Kwa muda gani?"

"Wiki tano. Zisipungue."

Mkewe alimtazama, akakaa na kicheko mashavuni kwa muda, kisha akachukua kalamu akaufuta ukurasa mzima kwa mstari mmoja mrefu. Akavuta kiti chake mpaka mabega yao yakagusana.

"Endelea," akasema. "Wapi tena nimedanganya?"