Jina la Delfina Kwenye Orodha

Jumamosi ya Septemba, soko la mji wa Pueblo lilijaa moshi wa pilipili zilizokuwa zikichomwa kwenye mapipa ya waya. Ramona Archuleta, mwalimu wa darasa la nne, aliyevaa gauni la njano lililomkaa vizuri kiunoni, alimwona mwanamume mrefu mwenye shati jeupe akibubujikwa na machozi.

"Pole, kaka. Umefiwa?"

"Na macho yote mawili, dada."

Ramona akampa leso. Mwanamume huyo jina lake Wendell Oakes, alikuwa ametoka Denver kuisaidia wilaya inayosimamia shule za mji kupanga namna ya kuwalipa walimu nyongeza kwa ufanisi wao.

"Kumbe ndiye wewe unayekuja kutupima kama viazi!"

"Wewe mzani wako bado haujatengenezwa."

Kuanzia hapo simu hazikukatika. "Umekula, Mwalimu?" "Nimekula, Bwana Mizani. Lala basi." Kufikia Krismasi, Ramona alikuwa akitabasamu peke yake ubaoni, na watoto wakimcheka.

Mwezi wa nne ukaja, mwezi wa walimu kuthibitisha orodha. Mwalimu huweka sahihi mbele ya jina la kila mtoto aliyemfundisha, na alama za hao ndizo zinazoamua nyongeza. Kwenye orodha ya Ramona alikuwemo Delfina Quintana, mtoto wa miaka tisa anayeumwa saratani ya damu, ambaye tangu Novemba hakukanyaga darasani. Kila Alhamisi Ramona alikwenda kumfundisha kwao, kitandani. Mtihani alifanya, lakini alama zake zilikuwa za chini mno.

"Mpenzi," Wendell alisema kwenye simu, "usisahau kumwondoa Delfina. Kanuni inaruhusu. Niliiandika nikikufikiria wewe."

"Nimemfundisha, Wendell."

"Najua, lakini siku zake za darasani hazitoshi."

"Na Alhamisi zangu je?"

"Mfumo hauzioni."

"Basi hata wewe hunioni."

Akakata simu. Akaweka sahihi mbele ya jina la Delfina, na nyongeza ikaenda zake. Wendell alipiga mara tisa. Hakupokea.

Mwezi wa tano, bodi ya wilaya iliketi mbele ya wananchi. Ramona alikaa nyuma kabisa. Wendell akasimama, tai imepinda, akaomba kanuni yake mwenyewe ibadilishwe: mafundisho ya kitandani yahesabiwe, na mtoto mgonjwa apimwe kwa hatua alizopiga tangu pale alipoanzia. Bodi ikapiga kura. Watatu wakakubali, wanne wakakataa.

Wendell alimkuta Ramona kwenye korido.

"Nilidhani nakulinda."

"Ulikuwa unamfuta mtoto."

"Nilikwenda kwao kumwomba mama yake ruhusa ya kumtaja kikaoni. Delfina akanipa hesabu za sehemu nifanye. Kaniambia, 'Mjomba, hii umekosa. Mwalimu wangu angekurudisha mwanzo.'"

Ramona akacheka, kisha akalia, akajifunika uso.

"Watauvunja mkataba wangu kwa kuipinga kanuni hii, Ramona. Nimeshindwa humo ndani, na kesho sina kazi. Utakubali nikuoe nikiwa hivi?"

Ramona akamnyooshea tai taratibu, asiinue macho.

"Nitakubali ukiwa hivyo hivyo."

Watu wakawa wanatoka ukumbini, wakiwapita kushoto na kulia, nao hawakusogea.