Meseji Kutoka kwa Kipaza

"Mbona kimya? Nimekuuliza swali zuri kabisa."

Spana, fundi wa banda la taka la chuo, alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kusagia plastiki, miguu tu ndiyo inaonekana. Swali lenyewe alilitoa akiwa huko huko chini, makusudi, ili uso usimsaliti. Alikuwa amemwomba Mama Chupa waende wakamsalimie mama yake Spana Jumamosi. Na salamu za namna hiyo kila mtu anajua zinaishia wapi.

Mama Chupa alikuwa amesimama katikati ya magunia, simu mkononi, midomo imemkauka.

Meseji ilisema: "Umeanza kunisahau, Mama Chupa?"

Juu yake palikuwa na jina alilolihifadhi yeye mwenyewe: Kipaza Wangu.

Na Kipaza alizikwa mwaka jana. Mama Chupa alikuwepo. Aliuona udongo ukishuka.

"Wewe!" Spana alichomoza kichwa, oili imemchora shavuni. "Mzima?"

"Mzima."

"Uongo huo. Unatetemeka."

"Ni njaa tu," alisema, akaitumbukiza simu mfukoni kama kitu cha wizi.

Wakati wa uhai wake, Kipaza ndiye aliyekianzisha chama cha taka pale chuoni, yeye na Mama Chupa. Walianza wakiwa wawili na mapipa ya kuazima. Kipaza alikuwa akisimama mlangoni mwa bwalo na kipaza sauti cha mkononi, anatangaza kama mchuuzi: "Chupa huku! Karatasi kule! Maganda pale! Usichanganye, hii si saladi!" Wanafunzi walicheka mpaka wakazoea, na walipozoea wakaanza kutenganisha. Mkuu wa chuo, aliyewaita wachafu, alifika mahali akawa anawaleta wageni kuona banda lao. Binti aliyekuwa akizunguka mabwenini kukusanya chupa akabandikwa jina la Mama Chupa, na hakulikataa.

Kisha lori lililobeba plastiki yao kwenda kiwandani likapinduka njiani, Kipaza akiwa ndani. Siku hiyo zamu haikuwa yake. Ilikuwa ya Mama Chupa.

Msibani, mama yake Kipaza alimtazama mbele ya watu wote akasema, "Kama si mataka yenu, mwanangu angekuwa hai." Tangu hapo Mama Chupa hakukanyaga tena nyumba ile. Alichobaki nacho ni ile namba ya simu ya Kipaza. Kila siku aliiandikia. Leo bweni la wavulana wametenganisha vizuri. Leo mashine imekwama. Leo nimekuota. Meseji zilikwenda na hakuna kilichorudi, na yeye hakutegemea kitu kirudi.

Mpaka siku ile.

Asubuhi iliyofuata aliamka akamkuta Pacha chumbani akipiga pasi. Pacha si ndugu yake wa damu. Waliitwa mapacha kwa sababu ya kulala chumba kimoja, kuvaliana nguo na kutembea pamoja tangu mwaka wa kwanza.

"Pacha, hivi wafu wanaandika meseji?"

Pasi ikasimama juu ya kola.

"Maswali gani hayo ya asubuhi?"

"Soma."

Pacha alisoma kwa mbali, mikono nyuma, kama anayesoma tangazo la msiba ukutani.

"Labda namba wamempa mtu mwingine," Mama Chupa alisema. "Si huwa wanafanya hivyo?"

"Huyo mtu mwingine angejuaje kwamba unaitwa Mama Chupa?"

Mama Chupa akaisoma meseji upya.

"Mimi sijui mambo ya wafu," Pacha aliendelea, akiirudia kola ile ile aliyokwisha kuinyoosha. "Ila kama kuna kitu kinamuuma huko aliko, wewe ndiye unayekijua. Udongo wake haujakauka, na Spana anataka kukupeleka kwao."

"Umekauka, Pacha. Ni mwaka sasa."

"Kwako."

Neno hilo lilimchoma Mama Chupa, lakini alidhani ni uchungu wa rafiki. Akavaa, akaenda darasani, akakaa nyuma kabisa. Mhadhiri alizungumza hadi mwisho wa kipindi na yeye hakusikia kitu. Simu ilipotikisika alijua ni nani kabla ya kutazama.

"Huyo fundi amekaa kwenye kiti changu. Mwondoe."

Ni kweli, Spana alikuwa amekaa kwenye kiti cha Kipaza, kile cha plastiki kilichovunjika mguu wakakifunga kwa waya. Alikikalia jana yake wakati wa kula.

Kuanzia hapo Mama Chupa akawa mtu wa kugeukageuka. Akisikia magunia yanachakacha, anageuka. Upepo ukigonga bati, anageuka. Alikonda. Chupa zilizochambuliwa alizichambua upya. Na meseji zikawa zinakuja, chache, fupi, kila moja ikijua alikokuwa na aliyekuwa naye.

"Nilikuona ukicheka leo."

"Gauni la bluu ulikuwa ukinivalia mimi. Umemvalia yeye?"

Ijumaa Spana alimfuata bandani. Alikuwa amenawa mikono mpaka kucha, na shati alilovaa halikuwa na doa hata moja.

"Kesho vipi? Mama ameuliza unapenda nini."

"Siji, Spana."

"Una udhuru?"

"Siji kesho wala siku nyingine. Tuishie hapa."

Spana alikaa juu ya rundo la maboksi, taratibu, kama mzee.

"Nimekukosea?"

"Hapana."

"Basi niambie kitu. Hata uniongopee, lakini niambie."

Simu ilikuwa mezani kati yao. Ikawaka. Mama Chupa aliifunika kwa kiganja, lakini Spana alishaona neno la mwisho la jina.

"Wangu," Spana alisema polepole. "Kumbe kuna mwingine anaitwa Wangu. Na mimi nimeshamwambia mama yangu."

"Si unavyofikiri."

"Nifikirieje? Nisaidie kufikiri."

Angemwambia nini? Kwamba ana mpenzi kaburini, na huyo mpenzi anamwonea Spana wivu? Spana aliinuka, akaweka funguo za mashine mezani bila kuzibamiza, akatoka. Heri angezibamiza.

Mama Chupa akafungua ile meseji. "Umefanya vizuri. Sasa tumebaki wawili."

Hapo hofu ikageuka kitu kingine. Alijiinamia juu ya magunia akalia mpaka pumzi ikakatika, kisha akajifuta kwa upindo wa gauni, akaandika kwa vidole vinavyoteleza:

"Kama ni wewe kweli, niambie. Siku ile kwa nini ulipanda lori wewe na si mimi?"

Alisubiri. Nje wanafunzi walipita wakipiga soga. Mtu alitupa kopo kwenye pipa, likalia. Jibu likaja.

"Kichwa kilikuwa kinakuuma, mpenzi. Nikakwambia lala, nitakwenda mimi."

Mama Chupa alilisoma jibu, akalirudia tena na tena.

Hakuumwa kichwa siku ile. Hakuumwa kitu chochote. Waligombana, ugomvi wa kijinga wa nani kaacha mlango wa banda wazi mvua ikalowesha karatasi, naye kwa hasira akamwambia, "Basi nenda wewe, si ndiye unayejua kila kitu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa Kipaza. Habari ya kichwa ni uongo alioutunga baadaye, usiku wa msiba, alipoulizwa. Na aliyemuuliza alikuwa mtu mmoja tu. Hakuna mwingine duniani aliyewahi kuusikia.

Kipaza mwenyewe asingeweza kuukosea ukweli ule.

Mlango ukasukumwa. Pacha aliingia na gunia la chupa begani, akitabasamu kidogo. "Nimemwona Spana anaondoka kainamisha kichwa. Mmegombana?"

Mama Chupa aliitazama simu yake, akabonyeza jina la Kipaza Wangu, akapiga.

Banda lilikuwa kimya. Halafu, kutoka ndani ya mkoba wa Pacha, ukaanza mlio ule ule wa zamani, ule ambao Kipaza aliurekodi mwenyewe kwa sauti yake akitania: "Chupa huku! Karatasi kule!"

Sauti ya marehemu ikatangaza ndani ya banda lake, ikarudia, ikarudia. Hakuna aliyenyanyua mkono kuizima.

Ilipokatika yenyewe, Pacha alikuwa ameliachia gunia. Chupa zilibingirika sakafuni.

"Umeipata wapi?" Mama Chupa aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Kwenye sanduku la vifaa vibovu. Wiki ile tuliyokusanya redio na chaja mbovu. Baba mdogo wa Kipaza alileta boksi zima la vitu vya nyumbani kwao. Nilikuwa mezani mimi, napokea. Nikaiona. Nikaiwasha. Haikuwa na namba ya siri, unamjua alivyokuwa. Meseji zako zilikuwemo zote. Hakuna aliyekuwa amezifungua. Nimezisoma zote."

"Kwa nini, Pacha? Nimekukosea nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unamwacha!"

Alipiga kelele mpaka njiwa waliokuwa juu ya bati wakaruka.

"Unajua tangu lini nilimpenda? Kabla yako. Siku ya kwanza tu pale mlangoni mwa bwalo. Akaja akaniuliza, 'Yule rafiki yako anayeokota chupa anaitwa nani?' Hakuwahi kunitazama, hata siku moja. Sikusema. Nilikaa pembeni yenu nikacheka mnavyocheka. Alipokufa wewe ulikalishwa mkekani, ukapewa maji, ukapepewa. Mimi nililia chooni, nimefungulia bomba watu wasinisikie. Halafu wewe, wewe uliyekuwa naye, ndiye unayekwenda kuolewa!"

"Ukaona unitie wazimu."

"Mara ya kwanza nilitaka tu kuandika kama yeye. Nisikie itakavyokuwa. Kisha nikashindwa kuacha. Leo nilisimama nyuma ya banda nikiwasikiliza."

Mama Chupa aliinua mkono. Pacha akafumba macho, akingojea kofi. Mkono ulikaa hewani, kisha ukashuka, ukanyooshwa mbele, kiganja juu.

"Lete simu."

Pacha akaitoa. Kioo kilikuwa na ufa.

"Sitakusamehe leo," Mama Chupa alisema. "Usiniombe leo. Ila kesho utakwenda na mimi mahali."

Jioni ile alimkuta Spana karakana ya chuo, anasugua kipande cha chuma kilichokwisha kung'aa. Alimweleza yote akiwa amesimama, bila kupumzika: meseji alizoziandika mwaka mzima, majibu, Pacha, na ule ugomvi wa mlango. Alipofika pale pa "nenda wewe," alimtazama usoni, akapamaliza.

Spana alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe niliyemwonea wivu ni marehemu," alisema.

"Na bado yumo, Spana. Sitaki kukudanganya tena."

"Mimi natengeneza mashine. Kila mashine niliyoigusa ina mikono ya mtu mwingine ndani yake, na sijawahi kuikasirikia." Akaweka kile chuma chini. "Lakini ungeniambia. Nimeshinda na jina la Wangu kichwani, si mchezo."

"Nisamehe."

"Kesho mnakwenda wapi?"

"Kwa mama yake. Naogopa."

"Nitawasindikiza. Nitakaa nje."

Jumamosi nyumba waliikuta ile ile, kibaraza kimefagiwa, viatu vimepangwa mlangoni. Mama yake Kipaza alifungua, akamwona Mama Chupa, akakaza uso. Kisha akaona kilichokuwa mkononi mwake.

"Umeitoa wapi hiyo?" Alishika kizingiti. "Nimepekua nyumba nzima. Nilikuwa naiwekea chaji na vocha ili laini isikatwe. Moyo haukuniruhusu kuifungua, lakini nilijua ipo. Shemeji yangu akasema labda imeibwa."

"Aliileta kwetu na vitu vibovu, mama. Hakujua."

Waliingia, Pacha akabaki mlangoni. Mama aliipakata simu mapajani kama mtoto mchanga.

"Mama, kuna jambo. Siku ile ilikuwa zamu yangu. Tuligombana, nikamwambia aende yeye. Ulisema kweli msibani."

Mama alipitisha kidole juu ya ufa wa kioo.

"Mlikuwa mnagombana sana?"

"Kila siku, mama. Habari za taka tu."

Kisha mama akafanya kitu ambacho Mama Chupa hakukitegemea. Akacheka, kicheko kifupi kilichokuja na machozi yake.

"Basi alikuwa na raha. Mtoto yule hakugombana na mtu asiyempenda. Na mimi siku ile nilitafuta wa kumlaumu nikakuona wewe, umekaa karibu. Pole, mwanangu. Nilikuongezea mzigo." Akageuka. "Na huyu mwenzio aliyesimama mlangoni?"

Pacha alikuwa hajavuka kizingiti. Macho yake yalikuwa kwenye viatu vilivyopangwa. Mama Chupa alimtazama. Hasira bado ilikuwepo, imekaa kifuani, haijaenda popote. Hata hivyo alisema:

"Huyu naye alimpenda Kipaza, mama. Hakuna aliyempa pole."

Mama alisogea mkekani, akaacha nafasi.

"Njoo hapa. Njoo ukae. Pole, mwanangu. Pole sana."

Pacha akaanguka mapajani pake, akalia kwa sauti, kilio cha mwaka mzima kilichokuwa kimefunikwa na maji ya bomba. Mama akajiunga. Mama Chupa naye akajikuta yumo. Kilio kikatoka dirishani kikaenda barabarani.

Huko nje alimsikia jirani akiuliza kwa wasiwasi, "Kijana, kuna msiba humo ndani?"

"Ndiyo, mama," Spana alijibu. "Wa mwaka jana."

Mama Chupa akainuka, akajifuta uso kwa viganja, akaenda mlangoni. Spana alikuwa amesimama juani, kofia mkononi.

"Ingia," alimwambia. "Kaa na sisi."