Picha ya Watoto Waliolala Chini

Albertine alikuwa akisonga bukari, ugali wa mchana, nyumbani kwake katika mtaa wa Hewa Bora simu ilipolia. Joëlle, mdogo wake, alikuwa ametuma picha. Watoto wa shule wamelala chini, mama mmoja analia. Chini ya picha pameandikwa: "Hewa Bora, leo. Sindano ya surua."

Kisha ikaja sauti ya Joëlle. "Yaya, dada yangu, usimupeleke Mapalo kesho! Ile sindano inaua batoto!"

Albertine akaacha mwiko. Mapalo, binti yake mdogo, alikuwa achanjwe kesho. Haraka akawatumia picha akina mama wa kanisa. Ndipo akawaza: Hewa Bora ni hapa. Mbona hakusikia kilio? Lakini picha ameiona kwa macho yake! Na surua nayo ilimuua mtoto wa jirani. Aamini nini?

Akambeba Mapalo, akaenda kwenye maktaba ya mtaa. Huko Chomba, mkutubi, alifundisha watu kutumia simu.

"Nani alipiga hii picha?" Chomba akauliza alipoonyeshwa simu.

"Sijue. Joëlle naye aliipata kwa bantu."

"Soma maandishi ya pale ukutani, ndani ya picha."

Albertine akajaribu. Hayakuwa Kifaransa, wala Kiswahili.

"Ni Kireno," Chomba akasema. "Sasa tutafute kwa internet ilionekana wapi kwanza."

Ikatokea picha ileile, katika gazeti la zamani la nchi nyingine. Watoto walikuwa wamezimia kwa joto.

Albertine akazidi kuchanganyikiwa. "Picha ni ya uongo, sawa. Na sindano? Pengine nayo iko mubaya?"

"Vraiment, kweli kabisa, huko njo kuuliza muzuri! Lakini mi niko muntu wa vitabu, siyo munganga. Uliza kwa kituo cha afya."

Pale kituoni muuguzi Delphine akamweleza. "Mutoto anaweza kupata homa kidogo, inapita. Ikizidi, umulete mbio. Surua yenyewe njo inaua."

Albertine akarekodi sauti kwa akina mama wa kanisa. "Ile picha niliwatumia ni ya uongo. Munisamehe. Mbele ya kutuma, tuulize: nani alisema, wapi, siku gani?" Akamtumia Joëlle pia.

Kesho yake Mapalo alichomwa sindano pale kituoni, akalia kidogo, akanyamaza. Albertine alipogeuka, alimwona Joëlle mlangoni na watoto wake wawili.

"Yaya, bado niko naogopa."

"Mi pia niliogopa. Kuya hapa, umuulize Mama Delphine yote."

Albertine akaketi naye kwenye benchi, wakangoja zamu yao.